Sukhoi, F-5 na Maji ya Migingo: Gharama Halisi ya Ndege ya Kivita

Kati ya mwaka 2007 na 2012, nchi mbili zinazopakana ndani ya Ziwa Victoria ziliingia sokoni kutafuta ndege za kivita. Kenya ilinunua ndege 15 aina ya F-5 zilizokwisha kutumiwa na jeshi la anga la Jordan, kwa takriban shilingi bilioni 1.5 pamoja na mafunzo na vipuri. Uganda iliagiza Sukhoi Su-30MK2 sita kutoka Urusi, mpya kabisa, katika ununuzi uliojumlisha silaha na vifaa vingine na kufikia takriban dola milioni 740.

Miaka hiyohiyo mvutano wa nchi hizo mbili juu ya kisiwa cha Migingo ulikuwa umepamba moto. Wavuvi wa Migori na Homa Bay, upande wa Kenya, walikuwa wakikamatwa majini na maofisa wa Uganda, na watu wa pwani za Sori, Muhuru Bay na Mbita walikuwa na haki ya kujiuliza kama jirani amewazidi nguvu. Jibu linahitaji kupitia mambo matatu kwa utaratibu: ndege hizo zinaweza nini, zinakula nini, na zilipohitajika zilifanya nini.

F-5 iliingia Kenya kwa sababu inayowagusa moja kwa moja watu wa Nyanza. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akiegemea mipaka ya kikoloni iliyobadilishwa mwaka 1902. Nchi ya Migori na Homa Bay ya leo ilikuwa ndani ya dai hilo. Mwaka huohuo Kenya ilikubaliana na Marekani kununua F-5 kumi na mbili, na makao yake yakawa Nanyuki, katika kituo ambacho sasa ni Laikipia Air Base.

Ni ndege ndogo, yenye urefu wa mita 14 na ushei na mabawa ya mita 8. Ina injini mbili za General Electric J85, mizinga miwili ya milimita 20 puani, na uwezo wa kubeba kilo 3,200 hivi za mabomu, makombora na matangi ya ziada. Ikiwa juu sana inafikia mara moja na nusu ya kasi ya sauti. Northrop waliiunda kwa ajili ya nchi zisizo na mfuko mzito: mafundi wachache, mifumo michache, matengenezo rahisi.

Su-30MK2 ni ya daraja jingine. Urefu wake unakaribia mita 22, hubeba marubani wawili, na huinua tani 8 za silaha zilizotundikwa sehemu 12. Kasi yake inafika mara mbili ya kasi ya sauti, na kwa mafuta ya ndani pekee huruka takriban kilomita 3,000. Kutoka Entebbe hadi Migingo ni kilomita 200 hivi, ambazo kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 900 kwa saa ni dakika 13. Kutoka Nanyuki ni kilomita 350, yaani dakika 23 au 24. Kwa karatasi, Uganda ilikuwa imeshinda kila safu ya jedwali.

Lakini kuna hesabu moja inayozisawazisha ndege hizi mbili. Rubani wa ndege ya kivita anapotaka msukumo wa juu kabisa, humwaga mafuta ya ziada nyuma ya injini yakawaka hapohapo kwenye bomba. Kwa viwango vya ulaji wa injini hizo karibu na usawa wa bahari, F-5 huteketeza kilo 160 hivi kwa dakika, na tangi lake la ndani lina kilo 2,000 tu. Sukhoi huteketeza kilo 800 kwa dakika, nayo ina kilo 9,500 hivi. Ukigawa, zote mbili zinakauka katika dakika kama 12. Ukubwa wa Sukhoi unaiwezesha kwenda mbali na kubeba kizito, lakini ikiingia kwenye pambano la nguvu zote, tofauti ni kwamba bili ya mafuta ya dakika zilezile ni mara tano.

Na mafuta ni sehemu ndogo ya gharama. F-5E haiwezi hata kuwasha injini zake bila msaada: fundi husogeza mtambo wa hewa karibu na ndege, huunganisha bomba nene chini ya tumbo lake, na hewa hiyo ndiyo huzungusha injini mpaka zishike moto. Kwa hiyo ndege hiyo haitui kwenye uwanja mdogo wa Kabunde, Homa Bay, ikapumzika na kuondoka kama ndege ndogo za abiria zifanyavyo. Mtambo, mafundi, mafuta, silaha na ulinzi lazima vitangulie. Nanyuki nayo iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kuinua ndege, kwa hiyo ndege iliyosheheni huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kupaa.

Matengenezo ndiyo mlango ambao fedha nyingi hutokea. Marekani, inayorusha ndege za kivita za F-35 kwa wingi kuliko nchi yoyote, imetoa hesabu iliyo wazi. F-35A moja imekuwa ikigharimu dola milioni 80 hivi ikitoka kiwandani. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilikadiria mwaka 2024 kwamba mpango mzima utapita dola trilioni 2 katika maisha yake, na takriban trilioni 1.6 kati ya hizo ni za kuzitunza na kuzirusha. Zaidi ya robo tatu ya gharama inakuja baada ya ndege kukabidhiwa. Nchi inayonunua ndege na kusahau vipuri inakuwa imenunua pambo la banda.

Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwanzoni mwa mwaka 2011, dola milioni 740 zilikuwa takriban shilingi bilioni 60 za Kenya. Ugatuzi ulipoanza, katika mwaka wa fedha wa 2013/14, Migori na Homa Bay zilipata mgao wa zaidi ya shilingi bilioni 4 kila moja. Hospitali, barabara za kaunti, maji na mishahara vyote vilitegemea fungu hilo. Fedha za ununuzi wa Uganda zingeziendesha kaunti hizo mbili kwa miaka kama saba. Na huko Uganda fedha zilitoka Benki Kuu kwanza, Bunge likaja kuidhinisha baadaye, Machi 2011. Utaratibu huo ni wa hatari, kwa sababu wabunge waliitwa kupiga muhuri kwenye hesabu ambayo hawakupewa nafasi ya kuikataa.

Sasa Migingo. Kisiwa hicho ni mwamba usiofika nusu ekari, umefunikwa na nyumba za mabati zilizobanana, na uhai wake ni mbuta anayevuliwa kwenye maji yanayokizunguka. Bomu moja la F-5 lingeweza kufuta karibu kila kilichojengwa hapo, pamoja na Wakenya, Waganda na Watanzania wanaolala humo. Mzozo huo ulihitaji watu wa ramani. Mwaka 2009 wapimaji wa nchi zote mbili walirudi kwenye amri ya mipaka ya Uingereza ya mwaka 1926, na upimaji ukaonyesha kwamba kisiwa kiko upande wa Kenya, nusu kilomita hivi mashariki mwa mpaka. Rais Yoweri Museveni naye alikuwa ameshakiri mwaka huo kwamba mwamba ni wa Kenya, akashikilia kwamba maji ya kuvulia ni ya Uganda. Hoja hiyo ya maji ndiyo inayomuuma mvuvi, na chombo kinachoigusa ni boti ya doria yenye maofisa wanaojua mpaka uko wapi. Ndiyo maana kuundwa kwa Kikosi cha Walinzi wa Pwani mwaka 2018, chenye mamlaka hadi kwenye maziwa, kulikuwa na uzito zaidi kwa wavuvi wa Nyatike na Suba kuliko ndege yoyote iliyotoka Jordan.

Vita halisi vya majirani hawa vimekuwa dhidi ya makundi yanayojificha. Desemba 2008 Uganda ilishambulia kwa ndege kambi za waasi wa LRA msituni Garamba, nchini Kongo. Ukungu ulichelewesha mashambulizi, na kiongozi wao, Joseph Kony, hakupatikana. Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011, ndege zake zilishambulia Jilib tarehe 30 mwezi huo. Serikali ilisema imepiga Al-Shabaab. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema kambi ya wakimbizi wa ndani ilipigwa, watu watano wakafa na 45 wakajeruhiwa. Ndege inayopita kwa mamia ya kilomita kwa saa humpa rubani sekunde chache za kutambua aliye chini.

Nairobi inaonekana kulielewa hilo. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya ndege za propela za Air Tractor kwa dola milioni 418, mpango uliozua maswali mengi ya bei na haukuendelea. Helikopta ndogo za MD 530F zilifuata, na sita za kwanza zikapokewa Januari 2020. Zinaenda polepole, zinaweza kukaa juu ya eneo la doria, na zinahitaji mafundi wachache.

F-5 za Nanyuki ni za muundo uliokoma kutengenezwa mwaka 1987, kwa hiyo ombi la kuzibadilisha litafika Bungeni. Wabunge wa Migori na Homa Bay watakapolisoma, wadai tarakimu tatu kabla ya kuinua mkono: gharama ya saa moja ya kuruka, saa ambazo kila rubani atapata kwa mwaka, na vipuri vya miaka mingapi vimo ndani ya bei. Kisha waulize boti ngapi za doria zingenunuliwa kwa fedha hizohizo kwa ajili ya Sori, Muhuru Bay na Mbita.