Jengo Limepona. Na Watu Je?

Kijana aliyezaliwa baada ya 1998 akipita makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, Nairobi, ataona Co-operative House imesimama wima, ghorofa zaidi ya 20. Hakuna ufa, hakuna doa. Mwambie jengo hilo liliwahi kupasuliwa, atakuuliza, ati lini?

Ijumaa, 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, bomu lililobebwa kwa gari lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani. Ufundi House, iliyokuwa jirani, iliporomoka. Co-operative House ilibaki imesimama, lakini vioo vyake vilimwagika chini. Watu 213 walikufa Nairobi. Siku hiyo hiyo, wengine 11 Dar es Salaam. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mdogo, na watu maofisini wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Ndiyo maana wengi sana waliumia macho.

Benki ilirudi humo mwaka 2002. Kama kazi ya ujenzi, naisifu. Kulirudisha jengo lile lilikuwa jibu kwa waliolipua: tao ni letu, hatuhami. Shida yangu ni kwamba lilirudishwa safi mno. Ukilitazama kutoka barabarani, halikwambii chochote kuhusu wale waliokimbilia dirishani.

Utasema, si kuna bustani ya kumbukumbu? Kweli, ipo palepale ubalozi ulipokuwa, na ina ukuta wenye majina ya waliokufa. Lakini imezungushiwa ua, na mlangoni unalipa. Sawa, bustani haijitunzi yenyewe. Ila waliokufa wengi walikuwa watu wa kawaida: makarani, wanafunzi, wapita njia. Mpita njia wa leo hapaswi kutafuta pesa mfukoni ili asome majina yao.

Huku kwetu Matayos, mti ukikatwa jina hubaki. Mtu wa boda atakwambia, "Nitakushusha pale kwa mwembe." Ukifika, mwembe haupo, kuna duka la M-Pesa. Hakuna aliyelipwa kutunza jina hilo. Linatunzwa na watu wanaopita hapo kila siku. Tao ingeweza kujifunza hapo. Majina yale yatolewe nje ya ua, yawekwe ukuta unaotazama barabara, mahali anayesubiri matatu atayasoma bure. Na Co-operative House yenyewe ibebe alama moja tu, hata kama ni tarehe, kwenye urefu wa macho.

Hili si suala la urembo. Manusura wengi bado wanadai fidia hadi leo. Mji ukionekana umepona kabisa, ni rahisi kuwauliza, "Kwani nyinyi bado?" Jengo lilipata pesa na mafundi, likasimama ndani ya miaka minne. Waliopoteza macho siku ile wanaongozwa kwa mkono wakipita chini yake.