Mtumwa wa Chupa

Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare wampenda Lucky Dube, na wazee watuuliza kama yafaa Mkristu kumsikiliza mtu wa Rasta. Mafundisho ya Rasta si yetu, hilo hatulifichi. Lakini tuzipime nyimbo zenyewe.

Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1964, akaanza kwa kuimba mbaqanga kwa Kizulu. Santuri yake ya kwanza ya rege, ya mwaka 1984, serikali ya ubaguzi iliikataza. Mwaka 1987 akatoa “Slave”, yaani Mtumwa, na sifa yake ikaenea Afrika nzima.

Utumwa huo ni wa pombe. Mlevi mwenyewe aungama kwamba heshima yake imepotea; asimulia hata wahudumu wa dini waliomwendea mara nyingi kumwonya, wasifaulu. Neno hilo latuchoma sisi makatekista. Walakini lawama tunayo: utamu wa sauti huyafunika maneno. Tumeona watu wakiucheza wimbo huo, kikombe cha lutuku mkononi!

Wanyang'anyi walimwua Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007. Nyimbo zake zingali zapigwa kwetu. Basi ajuaye Kiingereza na awafasirie wenzake kwanza, ndipo wacheze.