Mtanziko au Chemshabongo? Uamuzi wa Kimaadili katika Michezo ya Video ya Uhusika

Makala hii inakusudia kuchunguza namna uamuzi wa kimaadili unavyosawiriwa katika michezo ya video ya uhusika, na hasa katika kisa kimoja cha mchezo wa Fallout 3, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2008. Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza mchezo wa kompyuta una nafasi gani katika kurasa zilizozoea riwaya, tamthilia na tenzi. Jibu letu ni fupi. Wanafunzi wanaoketi mbele yetu wamekwisha kuishi ndani ya masimulizi mengi ya aina hii kabla hawajasoma riwaya yao ya kwanza ya chuo kikuu, na wanapozungumzia wema, uovu na adhabu katika fasihi, hutumia vigezo walivyovipata huko. Katika semina moja kuhusu tanzia, mwanafunzi wangu alilalamika hivi: "Mwalimu, nilipatanisha watu, wakauana wote, na bado mchezo ukanihesabu mwema." Hakuwa akizungumza kuhusu Sophocles. Ilinibidi niutafute mchezo huo, nami si mtu wa michezo.

Kwa michezo ya uhusika tunamaanisha ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mkuu, akasafiri katika ulimwengu wa kubuni, akatumwa jukumu moja baada ya jingine na wahusika anaokutana nao. Muundo huu si mgeni kwetu. Shujaa wa ngano naye hutumwa: akalete ziwa la simba, akamwue nunda, akamtafute binti wa mfalme. Tofauti ni kwamba fanani wa ngano hushika msuko mkononi mwake, ilhali katika mchezo hadhira ndiyo inayochagua, angalau kwa kiasi, tukio lipi lifuate. Hapo ndipo penye mvuto wa michezo hii, na hapo pia ndipo penye tatizo linalotushughulisha.

Fasihi simulizi yetu ina tanzu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa na wanafunzi. Kuna chemshabongo, kama ile ya mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani katika mtumbwi usiotosha. Chemshabongo ina jibu. Anayelikosa amekosa, na akionyeshwa hucheka na kukubali. Kuna pia ngano ya mtanziko, ambapo mtumbwi huo huo unapinduka ukiwa na mama, mke na mtoto, naye mtu anaweza kumwokoa mmoja tu. Fanani hukomea hapo na kuiuliza hadhira: wewe ungemwokoa nani? Wazee watasema mama, kwa kuwa mke huoleka tena, vijana watapinga, wanawake watauliza kwa nini mtu huyo hakuwafunza jamaa zake kuogelea. Thamani ya ngano hiyo imo katika mabishano. Kesho yake fanani harudi na kutangaza kwamba waliochagua mama walipata alama kumi na waliochagua mtoto walipoteza tano. Angefanya hivyo, angekuwa ameivunja ngano yake mwenyewe.

Dai letu ni kwamba michezo mingi ya uhusika hutunga mtanziko, kisha huusahihisha kana kwamba ni chemshabongo.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika Ultima IV, mchezo wa Richard Garriott wa mwaka 1985, mchezaji huanza kwa kuhojiwa na mpiga ramli ambaye humpa visa vinavyogonganisha maadili mawili: ukweli dhidi ya huruma, ushujaa dhidi ya haki. Maadili yenyewe ni manane, na majibu ya mchezaji huamua atakuwa mhusika wa aina gani. Hakuna jibu linalohesabiwa kosa. Huo ulikuwa mwanzo wa heshima. Baadaye ukaja mtindo wa mizani. Knights of the Old Republic (2003) una upande wa nuru na upande wa giza. Mass Effect (2007) una vipimo viwili vinavyojazwa kila mchezaji anapozungumza kwa upole au kwa ukali. Tusikawie hapo. Katika michezo hiyo mchezaji mara nyingi haamui jambo lolote. Anaona tangu mbali jibu la malaika na jibu la shetani, akachagua rangi anayotaka kuvaa. Ni wahusika bapa, na mchezaji naye hufanywa bapa pamoja nao.

Fallout 3 nao una mizani, unaoitwa karma, na una visa vya aina hiyo ya bapa. Mji wa Megaton umejengwa kuzunguka bomu la atomiki ambalo halijalipuka. Mchezaji anaweza kulitegua au kulilipua. Mtu mmoja tajiri, Allistair Tenpenny, anataka lilipuliwe kwa sababu mji huo unamharibia mandhari aionayo kutoka kwenye mnara wake. Hakuna anayehitaji shahada ya falsafa kuamua. Lakini mnara huo huo wa Tenpenny una kisa cha pili, nacho ni kizito zaidi.

Mandhari ni eneo la jiji la Washington, D.C., mwaka 2277, miaka 200 baada ya vita vya nyuklia. Ndani ya mnara wanaishi matajiri nyuma ya ukuta na walinzi. Nje, katika mahandaki ya reli, wanaishi watu walioharibiwa ngozi na mnururisho. Mchezo unawaita kwa jina la Kiingereza lenye asili ya Kiarabu, ghul. Katika Kiswahili jina lililo karibu ni zimwi, na nitalitumia shingo upande, kwani kumwita mtu zimwi ni kumhukumu kabla hajafungua kinywa. (Mtunzi alilijua hilo, nadhani.) Kiongozi wa mazimwi hao ni Roy Phillips. Anataka kuingia mnarani, ana fedha za kulipia, na anakataliwa kwa sababu ya sura yake.

Mchezaji ana njia tatu. Anaweza kuwaua mazimwi kwa malipo ya mkuu wa walinzi. Anaweza kumsaidia Phillips kuingiza mazimwi wasio na akili, wakawararue wakazi. Au anaweza kusuluhisha: azungumze na Tenpenny, awashawishi au awafukuze wakazi wachache wenye chuki isiyopatanishika, hatimaye milango ifunguliwe. Njia hii ya tatu ni ndefu na ina subira ndani yake, na msomaji yeyote aliyelelewa katika fasihi ya ubaguzi wa rangi, kama tulivyolelewa sote, ataichagua. Karma inapanda. Mazimwi wanahamia. Jukumu limekwisha.

Mchezaji akirudi baada ya siku chache, hakuti mkazi hata mmoja wa zamani. Miili yao imetupwa chini ya jengo. Akimwuliza Phillips, anajibiwa kwamba palikuwa na kutoelewana, na kwamba takataka zimeondolewa. Basi. Hakuna pa kushtaki. Zaidi ya hayo, mchezaji aliyeshuku mapema na kumwua Phillips kabla ya maafa hupunguziwa karma, kwa maana kitabu cha mchezo kinamwandika Phillips kuwa mtu mwema.

Wapo wanaokitetea kisa hiki kwa kusema kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo: aliyeonewa anaweza kuwa dhalimu, na suluhu njema inaweza kuzaa damu. Nakubaliana nao kabisa kuhusu msuko. Nathubutu kusema kwamba Phillips ni mmoja wa wahusika waliosawiriwa vyema katika mchezo huo, kwa kuwa mtunzi amekataa kuigeuza dhuluma aliyotendewa kuwa cheti cha usafi wake. Aidha, dalili zipo. Tangu mazungumzo ya kwanza Phillips anazungumzia kuua kwa wepesi unaopaswa kumshtua msikilizaji makini. Mchezaji aliyeshangazwa na mauaji hakusikiliza. Hadi hapo tuna tanzia nzuri: kosa la kutoona, lililotendwa na mtu mwenye nia njema, likafuatwa na utambuzi uliochelewa.

Pingamizi langu ni kwa mizani. Katika kisa hiki sauti mbili zinasimulia kwa wakati mmoja, nazo hazijasikilizana. Msuko unasema: tazama ulichokifungulia mlango. Mizani inasema: umefanya vyema, hizi hapa alama zako. Huenda mhakiki akataka kuieleza hali hii kwa dhana ya msimulizi asiyeaminika. Haifai. Msimulizi asiyeaminika ni nafsi. Ana sababu zake za kudanganya au za kutoona, na msomaji anaweza kuzipekua. Karma haina nafsi. Ni tarakimu, na kwa kaida ya mchezo tarakimu haidanganyi: ikisema umebakiwa na risasi tatu, umebakiwa na tatu. Kwa hiyo inaposema Phillips ni mwema, mchezaji haambiwi maoni ya mtu bali hali halisi ya ulimwengu ule, na hali hiyo inapingwa na maiti zilizo chini ya jengo. Mchezaji anachanganyikiwa, lakini si kwa sababu uamuzi ni mgumu. Anachanganyikiwa kwa sababu mtunzi ametoa hukumu kabla ya kesi, kisha akasahau kuifuta.

Linganisha na mchezo wa Kipolandi, The Witcher 3: Wild Hunt (2015), uliojengwa juu ya hadithi za Andrzej Sapkowski. Humo hamna mizani yoyote. Mhusika mkuu, Geralt, anakuta roho iliyofungwa ndani ya mti. Roho inadai kwamba ikifunguliwa itawaokoa mayatima walio hatarini kuliwa na ajuza watatu wa kinamasi. Ajuza nao wanadai kwamba roho hiyo ni muuaji. Wote wawili wana sababu ya kusema uongo. Geralt akiifungua, watoto wanapona, lakini kijiji cha Downwarren kinaangamizwa, mke wa bwana mmoja wa kivita anageuzwa kiumbe cha kutisha na kufa, naye mumewe anajinyonga. Akiiua, kijiji kinabaki, mke anapona akiwa amerukwa na akili, mumewe anaondoka naye kwenda kumtafutia mganga, na watoto hawaonekani tena. Mchezo hausemi lolote. Unaendelea. Wapo wanaolalamika kwamba matokeo yanafichwa mno, na lalamiko hilo lina uzito: hakuna awezaye kubashiri kwamba kumfungua pepo kutamfikisha bwana yule kwenye kitanzi. Hata hivyo kutojua huko ni kwa Geralt kama kulivyo kwa mchezaji. Hakuna mahali ambapo mtunzi anamnong'oneza mmoja kile anachomnyima mwingine.

Katika fasihi yetu napenda kukumbusha sehemu moja ya Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mwana ametumwa na mfalme apeleleze kitu kiwezacho kumwua baba yake, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa. Anatambua, kisha anamwambia siri ya sindano ya shaba. Vizazi vya wahakiki vimebishana juu ya hapo: je, ni upendo, ni kiburi, ni kuchoka, au ni kutoamini kwamba mtoto wa kumzaa atathubutu? Mwana baadaye anapata malipo ya usaliti wake, na utenzi hauoni haya kusema hivyo. Lakini juu ya uamuzi wa baba utenzi hautii alama. Fikiria mahali hapo pangekuwaje iwapo pembeni mwa ubeti pangetokea tarakimu ikipanda au ikishuka.

Sidai kwamba waundaji wa michezo peke yao ndio wenye tabia hii. Mara ngapi tumeingia darasani na riwaya ngumu, tukatoka na orodha ya mafunzo sita ya mwandishi? Mara ngapi swali la mtihani limemtaka mtahiniwa aonyeshe kwamba mhusika fulani ni kielelezo chema, alama ishirini? Mwanafunzi aliyezoea swali la namna hiyo hawezi kulaumiwa akiitafuta karma ya Liyongo. Tumemfunza kwamba ipo, na kwamba mwalimu anayo kwenye karatasi ya majibu.

Yule mwanafunzi wa semina aliucheza mchezo tena, mara hii akamwua Phillips kabla Phillips hajamgusa mkazi yeyote. Karma ikapungua, kama alivyojua. Nilipomwuliza kama sasa ameridhika, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba jambo linalomsumbua si alama zile tena. Alikuwa amemwua mtu kwa kosa ambalo katika ulimwengu ule lilikuwa bado halijatendwa, na ushahidi pekee aliokuwa nao ni kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuishi huko mara moja. Aliandika insha ya kurasa kumi na moja juu ya hilo, akailinganisha na Oedipus, na hakufikia uamuzi. Mwongozo wa kusahihisha wa kozi ile ulitenga alama tano kwa hitimisho lililo wazi. Insha bado iko mezani pangu.