Mkono wa Fundi

Husimuliwa Mafia kwamba mfalme wa Kisimani, alipokwisha kujengewa jumba lake, aliamuru fundi mkuu, aliyekuwa mtumwa, akatwe mkono asije akajenga jingine la kulishinda. Haukupita muda, bahari ikaumeza mji. Leo maji yakupwapo Ras Kisimani, vigae vya vyungu huonekana mchangani, bali jina la fundi halionekani.

Kisa hicho kilinijia nilipoitazama filamu ya Auguste na Louis Lumière, ndugu wa Kifaransa, iliyopigwa Lyon mwaka 1895. Haifiki dakika moja. Lango la kiwanda li wazi, wafanyakazi wanatoka, wengi wao wanawake, basi. Lakini kiwanda ni cha jamaa ya Lumière, na watokao ndio waliotengeneza mabamba ya picha yaliyowatajirisha wenye lango. Wanapita kana kwamba kamera haipo. Mimi siamini kuwa hawakuiona! Matoleo ya filamu hiyo ni matatu: moja lina gari la farasi mmoja, jingine la farasi wawili, la tatu halina farasi. Basi watu walitolewa langoni zaidi ya mara moja ili picha ipatikane, nasi twaambiwa huo ndio uhalisi mtupu.

Tena mashine yenyewe ya kwanza iliundwa na Charles Moisson, fundi mkuu wa kiwanda. Ndiye aliyeiendesha Paris tarehe 28 Desemba 1895, watu walipolipa kiingilio kutazama. Wanafunzi wangapi wamelisikia jina lake?

Siwadunishi hao ndugu. Picha zao za rangi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1907, ni ajabu: chembe za wanga wa viazi zilitiwa rangi ya machungwa, kijani na urujuani, zikatandazwa juu ya kioo, na nuru ikazipenya. Akili hiyo ilikuwa yao. Mikono iliyochekecha wanga ni ya wengine.

Nasi tulilipitia lango hilo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walipiga filamu za mafunzo huko Vugiri, karibu na Korogwe. Waafrika wakaigiza; shabaha ikapangwa na wageni. Mwalimu apatapo filamu hizo na ile ya Lyon, naazionyeshe pamoja, kisha awaulize vijana ni nani aliyesimama nyuma ya kamera, na ni nani aliyelipwa.