Bwana na Bibi Davis Mjini Roma: Kejeli na Ukweli katika Pictures from Italy ya Charles Dickens

Maandishi ya safari hupimwa mara nyingi kwa wingi wa habari zilizomo: miji iliyopitiwa, majengo yaliyoonwa, na desturi za watu zilizoelezwa. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini kinaacha nje swali lililo muhimu zaidi kwa mhakiki, yaani: ni nani aliyemwongoza msafiri, na je, msafiri huyo aliona kwa macho yake au aliona kwa kinywa cha kiongozi wake? Swali hili huwa zito hasa pale watu wanaposafiri kwa kundi, njia yao ikiwa imekwisha pangwa na mtu mwingine.

Charles Dickens aliligusa jambo hili katika kitabu chake Pictures from Italy, kilichotolewa mwaka 1846, pale anapowasawiri mume na mke wa Kiingereza, Bwana na Bibi Davis, waliofika Roma pamoja na kundi la watalii wenzao. Usawiri huo ni mfupi mno, na wasomaji wengi huupita kama kichekesho cha njiani. Hata hivyo, ukichunguzwa kwa makini, unadhihirika kuwa ndio mahali ambapo kitabu chote kinajihukumu chenyewe.

Yafaa kwanza kukumbuka mazingira ya utunzi. Dickens aliondoka London mwezi wa Julai 1844 pamoja na mkewe Catherine, shemeji yake Georgina Hogarth, watoto watano na watumishi, akapita Ufaransa hadi Genoa, ambako aliweka makao. Mapema mwaka 1845 aliingia Roma, akaenda Napoli, kisha akarudi Roma kushuhudia ibada za Juma Kuu. Baadhi ya barua zake za safari zilitangulia kuchapishwa mwaka 1846 katika gazeti la Daily News kabla ya kitabu kutoka.

Wakati huo biashara ya kuongoza watalii kwa makundi ilikuwa bado changa. Thomas Cook, ambaye jina lake lilikuja kuwa alama ya biashara hiyo, aliongoza kundi lake la kwanza kwa gari moshi kutoka Leicester hadi Loughborough tarehe 5 Julai 1841, na hakuvusha wasafiri wake hadi bara la Ulaya mpaka mwaka 1855, alipowapitisha Antwerp, Brussels, Cologne, Heidelberg, Strasbourg na Paris. Italia aliifikia mwaka 1864. Kwa hiyo Bwana na Bibi Davis, ambao Dickens anasema waliletwa kutoka London kwa mkataba, wakiwa kundi la watu kumi na watano au ishirini, waliwatangulia watalii wa Cook katika Roma kwa karibu miaka ishirini. Mtunzi alikiona kitu kipya kingali kinachipua, akakipa sura na jina.

Sura hiyo ameichora kwa fani ya kutia chumvi. Bibi Davis yuko kila mahali. Katika majuma yaliyotangulia Juma Kuu anaonekana katika kila kaburi, kila kanisa, kila gofu na kila jumba la picha; na sherehe zinapoanza hakuna inayompita. Hanyamazi hata kidogo, wala mtunzi hadhani kwamba alipata kukitazama kitu chochote. Daima amepoteza kitu ndani ya kikapu chake, naye anakitafuta kwa nguvu zote katikati ya sarafu za Kiingereza za nusu peni zilizojaa chini ya kikapu kama mchanga wa pwani. Kiongozi wa kukodiwa anayefuatana na kundi akithubutu tu kumwelekezea macho, Bibi Davis humkatiza papo hapo, akimwambia kwamba haelewi hata neno moja na hataelewa hata akisema mpaka ageuke rangi.

Taswira ya kikapu yastahili kuangaliwa. Bibi huyu amesafiri hadi mji wa Makaisari, lakini macho yake yamo ndani ya kikapu, na ndani ya kikapu mna Uingereza: sarafu ambazo pale Roma hazinunui kitu. Kwa taswira hiyo moja Dickens ameeleza kile ambacho mwandishi mwingine angekihitajia sura nzima, kwamba mtu aweza kuvuka nchi nyingi bila kutoka kwao.

Bwana Davis ni kinyume cha mkewe. Amevaa koti kubwa la rangi ya ugoro, amebeba mwavuli mkubwa wa kijani, na ndani yake mna udadisi wa polepole unaomtafuna bila kukoma. Udadisi huo humfanya atende mambo ya ajabu. Katika makaburi hufunua vyungu vya majivu ya wafu na kuchungulia ndani kana kwamba anatazama achari. Hufuata maandishi ya kale kwa ncha ya mwavuli wake, herufi moja baada ya nyingine, akizitaja kwa sauti. Kwa ajili hiyo huachwa nyuma kila mara, na kundi zima huishi kwa hofu kuwa atapotea. Humwita kwa makelele mahali pasipofaa na wakati usiofaa. Hatimaye hutokeza taratibu kutoka kaburini kama zimwi lisilo na dhara, akisema kwamba yupo, na mkewe humwonya kuwa siku moja atazikwa hai katika nchi ya watu.

Msomaji hucheka, na ndivyo mtunzi alivyokusudia. Lakini ni nani hasa katika kundi hili anayeitazama Roma? Wahenga walisema macho hayana pazia. Bwana Davis hana elimu ya Kilatini, wala hajui aseme nini ili aonekane mstaarabu. Hata hivyo anasimama, anafunua, anagusa, anasoma herufi anazoweza kuzisoma. Kuchelewa kwake kunavunja ratiba, na kwa kuivunja ratiba anapata dakika chache zilizo zake mwenyewe. Wenzake walionyeshwa Roma; yeye aliitafuta. Hapana shaka Dickens alimchora kuwa mpumbavu wa kundi, lakini mchoro umemshinda mchoraji, na mpumbavu amekuwa ndiye msafiri wa kweli.

Hata Bibi Davis hawezi kuhukumiwa kwa kicheko peke yake. Kelele zake zina maana. Miongoni mwa magofu ya watu waliokufa zamani, anamwangalia mtu mmoja aliye hai asije akapotea. Sura ya nje ni ya mke mwenye ghasia, lakini chini yake mna mapenzi ya wazee wawili walio mbali na nyumbani, ambao hawana lugha ya kumwuliza mtu njia. Hofu ya aina hiyo anaijua kila aliyewahi kufika mji wa kigeni kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo inapobidi kumgeukia Dickens mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Mcheka watu wanaoongozwa naye aliongozwa. Tangu kurasa za mwanzo za kitabu, familia ya mtunzi iko mikononi mwa Mfaransa aliyeajiriwa kusimamia safari, ambaye mtunzi humsifu kila mara kwa ushujaa wake. Huyo ndiye anayekumbatiwa na mwenye hoteli kama ndugu, ndiye anayetafuta vyumba na chakula, na ndiye anayebishana juu ya hesabu asubuhi. Mtunzi anakiri kwamba alipoketi karibu na kiongozi huyo mnene alinywea akawa si kitu. Basi tofauti kati yake na Bwana Davis ni ya fedha zaidi kuliko ya uhuru: mmoja alikodi kiongozi wa familia moja, mwingine aligawana kiongozi na watu ishirini.

Aidha, mtunzi naye alikuwa mume aliyesafiri na mkewe, lakini msomaji anayemtafuta Catherine kitabuni hupata taabu. Anashuka garini kama bibi wa familia ili asifiwe na mwenye hoteli. Katika kupanda mlima Vesuvius wamo mabibi wawili wanaobebwa kwa machela katika theluji, wasiotajwa majina, nao ndio Catherine na Georgina. Waliuona mlima ukiwaka moto, lakini hakuna neno lao lililohifadhiwa. Kwa hiyo katika kitabu hiki mke anayechekwa amepewa kauli, na mke anayeheshimiwa amenyimwa. Bibi Davis, pamoja na kikapu chake, ana sauti inayosikika hadi leo.

Kasoro nyingine ni ile inayomhusu kiongozi wa Kirumi. Huyu ni mwenyeji, na bila shaka ana ujuzi wa mji wake. Lakini katika usawiri huu hatamki hata sentensi moja. Bibi Davis anamkatiza, na Dickens hamrudishii neno lake. Mark Twain, aliyesafiri mwaka 1867 na kundi la Wamarekani kwa meli ya Quaker City na kuandika The Innocents Abroad mwaka 1869, aliendeleza mzaha huo hadi kuwapa viongozi wote jina moja la Ferguson kwa kuwa majina yao halisi yalimshinda. Kwa Twain kiongozi anasema, lakini anasema ili adhihakiwe. Fani ya kichekesho imemfanya mwenyeji kuwa chombo cha safari, kama gari au farasi.

Lingine la kuzingatia ni umbali. Dickens anakiri kwamba alitamani sana kuzungumza na kundi hilo, lakini nafasi hiyo hakuipata. Yote anayosimulia juu ya wanandoa hawa aliyaona na kuyasikia kwa kando. Hata lafudhi yao, ambayo ameiandika kwa namna ya kuwadhihirisha kuwa watu wasiosoma, ni lafudhi iliyodokolewa kutoka mbali. Aliwatazama Bwana na Bibi Davis kama wao walivyoitazama Roma.

Pamoja na kasoro hizo, ukuu wa mtunzi unajitokeza pale anapofunga usawiri wake. Anasema kwamba yamkini watu hawa waliletwa kutoka London kwa muda wa siku tisa au kumi, kisha anakumbusha kwamba miaka elfu moja na mia nane nyuma majeshi ya Kirumi ya Kaisari Klaudio yaligoma kupelekwa katika nchi ya kina Davis, kwa hoja kwamba iko nje ya mipaka ya dunia. Kwa kauli hiyo kejeli inageuka. Nchi iliyojiona kuwa kitovu cha ustaarabu ilikuwa zamani gizani, na watu wake ndio waliokuwa wageni wa ajabu. Ikumbukwe pia kwamba Dickens alipouona mji wa Roma kwa mbali, chini ya mawingu, aliuona unafanana kabisa na London. Miji mikubwa hubadilishana zamu, na mtalii wa leo ni mshenzi wa jana aliyekuja kutazama magofu ya bwana wake.

Funzo la usawiri huu halimhusu Mwingereza peke yake. Katika fasihi ya Kiswahili yako maandishi ya safari yaliyozaliwa chini ya uongozi wa wengine. Salim bin Abakari alipita Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa katika msafara wa Mjerumani, na habari zake zilichapishwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Maandishi kama hayo yastahili kuulizwa maswali yale yale: nani aliyepanga njia, nani aliyepewa kauli, na ni wapi msafiri alipochelewa nyuma ya kundi ili atazame jambo kwa macho yake? Mhakiki atakayepatafuta mahali hapo pa kuchelewa ndiye atakayemkuta msafiri mwenyewe, akitokeza taratibu na kusema kwamba yupo.