Jina Lililotangulia Ushahidi: Uhakiki wa Dhana ya PANDAS

Mwaka 1998, Susan Swedo na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha maelezo ya watoto 50 wenye fikra na vitendo vya kujirudia visivyozuilika, au tiki, yaani miondoko na milio ya ghafla isiyo ya hiari. Kundi hilo waliliita PANDAS, wakipendekeza kwamba kingamwili zinazozalishwa dhidi ya bakteria wa streptokokasi hukosea shabaha na kuushambulia ubongo.

Dhana hii haikuzuka hewani. Korea ya Sydenham, inayowapata baadhi ya watoto wenye homa ya rumatiki, hufuata maambukizi hayohayo. Kasoro haimo katika mlinganisho huo, imo katika vigezo. Kimojawapo kati ya vitano kinataka dalili ziandamane kiwakati na maambukizi. Hivyo, mtoto asiye na maambukizi huondolewa kabla ya kuhesabiwa, na aliyebaki hutumiwa kuthibitisha uhusiano uleule uliomwingiza kundini. Hoja inajizunguka. Tena maambukizi ya koo ni ya kawaida mno kwa wenye umri wa kwenda shule, tiki hupanda na kushuka zenyewe, na kingamwili huweza kubaki juu kwa miezi. Kipimo kimoja cha damu hakisemi maambukizi yalitokea lini. Sadfa pekee ingeweza kujaza daftari la daktari.

Kurlan na wenzake (2008) walifanya lililopaswa kutangulia: waliwafuatilia watoto 40 wa PANDAS sambamba na 40 wa kulinganishwa nao. Vipindi vingi vya kuzidi kwa dalili havikuandamana na maambukizi; vichache vilivyoandamana nayo vilitokea katika kundi la PANDAS pekee. Kila upande wa mjadala hunukuu nusu inayoufaa.

Upande wa tiba, jaribio la Williams na wenzake (2016) kwa watoto 35 halikuonesha tofauti ya kitakwimu kati ya kingamwili za kudungwa mshipani na dawa bandia.

Mwaka 2012 Swedo mwenyewe, pamoja na Leckman na Rose, alipendekeza PANS, dhana inayobakiza mwanzo wa ghafla na kuliacha sharti la streptokokasi. Kwa maoni yetu, hilo ni zaidi ya marekebisho ya istilahi: mzazi aliyeambiwa PANDAS alisikia chanzo cha maradhi na kudai antibiotiki, anayeambiwa PANS anasikia maelezo ya dalili, na chanzo bado kinatafutwa.