Nani Alibadili Mstari Huu? Ufuatiliaji wa Mafaili katika Vikao vya Akili Unde

Visaidizi vya akili unde vinavyoandika msimbo, yaani maelekezo ya kompyuta yaliyoandikwa kwa lugha ya programu, havipendekezi tena mstari mmoja mmoja tu, bali hupewa ombi kwa maneno ya kawaida, vikasoma mafaili ya mradi, vikayahariri, vikaendesha amri katika terminali na kurudia mzunguko huo hadi kazi ionekane imekamilika. Mfululizo huo wa maombi na majibu, tangu mtumiaji anapoanza mazungumzo hadi anapoyafunga, ndio unaoitwa kikao. Ndani ya kikao kimoja mafaili mengi huweza kuguswa kabla mtumiaji hajasoma hata moja, na kikao kipya kwa kawaida huanza bila kukumbuka yaliyofanyika katika kilichotangulia. Kwa sababu hiyo, anayewajibika kwa msimbo anahitaji kumbukumbu inayojibu maswali matatu: faili lilikuwaje kabla, nani alilibadili, na badiliko hilo lilitokana na ombi gani.

Msingi wa kumbukumbu nyingi za aina hii ni Git, programu ya kutunza historia ya mafaili ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika Aprili 2005, baada ya wasanidi wa kiini cha Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu ya kibiashara ya kazi hiyo hiyo. Git huyapa maudhui ya kila faili jina linalotokana na maudhui yenyewe, kwa kuyapitisha katika kanuni ya hisabati iitwayo SHA-1, ambayo hutoa heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaobadilika hata nukta moja ikiongezwa. Maudhui yanayofanana kabisa hupata heshi ile ile na huhifadhiwa mara moja tu. Orodha ya majina ya mafaili na heshi zake huitwa mti. Na mti ukifungwa pamoja na jina la mwandishi, wakati, ujumbe na heshi ya hali iliyotangulia, hupatikana komiti. Mpangilio huo ulimtegemea binadamu aamue ni lini kazi imefikia hatua ya kurekodiwa. Kisaidizi kinapobadili faili lile lile mara kadhaa kati ya komiti moja na nyingine, hali zote za katikati hupotea zisiponaswa kwa njia nyingine.

Njia hizo ni tatu. Ya kwanza ni kuligeuza kila badiliko kuwa komiti. Hivyo ndivyo inavyofanya Aider, programu huria iliyoanzishwa na Paul Gauthier mwaka 2023: ikitaka kuhariri faili lenye kazi ya mtumiaji ambayo bado haijarekodiwa, huirekodi kazi hiyo kwanza katika komiti yake, kisha huandika badiliko lake na kulirekodi katika komiti nyingine ambayo jina la mwandishi wake limeongezewa neno aider. Kazi ya binadamu na ya mashine hazichanganyiki, na amri ya kutengua hurudisha nyuma komiti ya mwisho ya mashine peke yake. Gharama yake ni kwamba historia rasmi ya mradi hujaa komiti ndogondogo, zikiwemo za majaribio ambayo hakuna atakayetaka kuyasoma.

Njia ya pili hukwepa gharama hiyo kwa kutumia hifadhi kivuli, yaani hifadhi nyingine ya Git iliyowekwa kando, ambayo hutazama folda ile ile ya kazi bila kuligusa tawi la mtumiaji, yaani mfululizo wa komiti anazofanyia kazi. Kisaidizi kiitwacho Cline hutumia njia hii, na kingine, Gemini CLI, vilevile, mtumiaji akiiwasha, huchukua picha ya mradi mzima kabla ya zana kuruhusiwa kuandika faili, ikahifadhi pamoja na picha hiyo mazungumzo yaliyoleta badiliko. Njia ya tatu haihitaji Git: Claude Code, kisaidizi kilichopata uwezo huu Septemba 2025, hutunza hali ya faili kabla zana yake ya kuhariri haijaligusa, na kila ombi la mtumiaji huwa kituo ambacho msimbo, mazungumzo, au vyote viwili vinaweza kurudishwa.

Tofauti kubwa kati ya njia hizi hujitokeza pale faili linapobadilishwa kupitia mlango mwingine. Kisaidizi kikiamua kubadilisha jina la kitendakazi katika mafaili yote kwa amri ya sed, au kikahamisha faili kwa mv, zana yake ya kuhariri haihusiki kabisa, na kumbukumbu inayoitegemea zana hiyo haioni kitu. Maelezo rasmi ya Claude Code yanakiri mpaka huo waziwazi, na yanaeleza kwamba uwezo huu hauchukui nafasi ya Git. Picha ya folda nzima huyaona mabadiliko yote hayo, lakini yenyewe haisemi yametoka kwa nani: karani anayehesabu magunia jioni atajua ghala limepungua, ila daftari la kutolea ndilo litakalomwonyesha aliyechukua.

Ufuatiliaji unaotosheleza basi huunganisha picha ya folda nzima na kumbukumbu ya aliyebadili, na Git tayari ina vipande vyote vinavyohitajika. Mwanzoni na mwishoni mwa kila ombi, faharasa ya mradi, yaani faili ambamo Git huorodhesha kilichoandaliwa kwa komiti ijayo, hunakiliwa pembeni, na kigezo cha mazingira GIT_INDEX_FILE huelekezwa kwenye nakala hiyo, ili maandalizi ya mtumiaji yasivurugwe. Kuanza na nakala badala ya faharasa tupu kuna faida, kwa kuwa faharasa hutunza ukubwa wa kila faili na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho, na hivyo Git haihitaji kukokotoa upya heshi za yale ambayo hayajaguswa. Amri ya add hukusanya hali ya folda, write-tree huitoa kama mti, na commit-tree huufunga mti huo kwa ujumbe wenye namba ya kikao na namba ya ombi. Mwishowe update-ref huipa komiti hiyo rejeo, yaani jina linaloielekezea, lililo nje ya matawi ya kawaida. Bila rejeo, usafishaji wa Git huweza kuifuta ikishapita wiki mbili. Kilichobadilika kati ya picha mbili za ombi moja kimetokea wakati kisaidizi kinafanya kazi, na kilichobadilika baina ya maombi kimetoka kwingine, mara nyingi kwa binadamu mwenyewe.

Hitimisho hilo husimama tu iwapo folda ina mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Vikao viwili vikiendeshwa sambamba katika folda moja, picha za kimoja hubeba kazi ya kingine, na dawa yake ni amri ya worktree, iliyoingia katika Git mwaka 2015, ambayo hukipa kila kikao folda yake na tawi lake. Mafaili ambayo Git imeagizwa iyapuuze kupitia faili la .gitignore, kama yale yenye nywila, hayaingii katika picha, na hifadhidata iliyobadilishwa na amri ya kisaidizi haitarudi katika hali yake kwa kurudisha mafaili, hivyo inahitaji nakala rudufu yake.

Uangalifu wote huu una sababu moja. Mwishoni mwa kikao kisaidizi huandika muhtasari wa kilichofanya, kwa lugha nyoofu na ya kujiamini, na msomaji aliyechoka huupokea kama taarifa kamili, ingawa unaweza kusahau faili au kutaja jaribio ambalo halikuendeshwa. Muhtasari huo ni maelezo ya mhusika; ushahidi hutoka kwenye diski. Timu inayotunza picha za kila ombi inaweza kuulinganisha muhtasari na mabadiliko halisi kabla msimbo haujaunganishwa na tawi kuu, na ulinganisho huo ndio unaompa binadamu haki ya kutia jina lake kwenye kazi ambayo hakuiandika kwa mkono wake.